MGONJWA WA MOYO AKIRUDI NYUMBANI, NANI ATAKAA NAYE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni refu kidogo. Naomba ulisome mpaka mwisho, kwa sababu katikati yake kuna jambo langu mimi mwenyewe ambalo limenikaa kifuani muda mrefu.

Nimeletewa swali na kijana wetu mmoja, mzaliwa wa hapa Tabora, anayeishi Uingereza. Shemeji yake amewekewa pampu ya moyo. Ametoka hospitali, yuko nyumbani, na familia ina maswali ya ibada. Atawadhaje na waya unatoka tumboni? Ataswalije na betri ziko kiunoni? Na kubwa zaidi, mama yake alimshika mkono asisikie mapigo, akapiga yowe akidhani mwanawe ameshakufa, na huku mwanawe amekaa anamtazama.

Wengi wetu hatujawahi kuiona pampu hiyo, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Moyo ukidhoofika sana ukawa hausukumi damu ya kutosha, na dawa peke yake hazitoshi, wenzetu wa nchi zenye uwezo huweza kumwekea mgonjwa mashine ndogo ndani ya kifua, ikashikizwa kwenye moyo wenyewe upande wa kushoto. Inavuta damu kutoka moyoni na kuisukuma kwenye mshipa mkuu. Waya wake unatokea kwenye ngozi ya tumbo na kuungana na kifaa cha kuiongoza, ambacho mgonjwa anakivaa pamoja na betri zake. Usiku analala amechomekwa kwenye umeme. Wengine wanaishi nayo wakisubiri kupandikizwa moyo mwingine. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliwekewa mwaka 2010, akakaa nayo hadi 2012 alipopandikizwa moyo. Wengine wanaishi nayo hadi siku yao iliyoandikwa. Muingereza mmoja, Peter Houghton, aliwekewa Oxford mwaka 2000 na akaishi nayo zaidi ya miaka 7.

Pampu nyingi za siku hizi husukuma damu mfululizo, kama maji yanavyotoka bombani. Ndiyo maana mapigo ya mkononi huenda yasisikike ilhali mtu yu hai, anazungumza na anakula. Hili tulijue hata sisi tunaoosha maiti: usimhukumu mtu kwa kushika mshipa. Mwachie daktari.

Kuhusu udhu nilimjibu kwamba tumbo si kiungo cha udhu, basi atawadhe kama kawaida na alinde waya wake usilowe. Josho likimwajibikia na madaktari wamemkataza kulowesha kidonda, ataosha anapoweza kuosha, na palipofungwa bandeji atafuata hukumu ya jeraha lililofungwa, kupaka au kutayamamu, kama ilivyo katika vitabu vya fiqhi. Swala atasimama akiweza. Asipoweza ataketi, na asipoweza kuketi atalalia ubavu. Hivyo ndivyo Mtume wetu (swalla Llahu alayhi wa sallam) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari. Betri kiunoni haiharibu swala.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikamuuliza yule kijana, "Na nyumbani nani anamwangalia?"

Akaniambia, "Ustadhi, hospitali ilikataa kumtoa mpaka wapatikane watu wawili wa kukaa naye. Dada yangu na mimi. Tumefundishwa kubadilisha betri, kusafisha pale waya unapotokea, na kujua kifaa kikilia kina maana gani. Wameuliza mpaka habari ya umeme wa nyumba. Tumepewa namba ya kupiga saa yoyote."

Halafu akaniuliza, "Na huko kwetu, mgonjwa wa moyo akitoka hospitali, wanauliza nani atakaa naye?"

Nikanyamaza, maana jibu nalijua.

Ndugu zangu, wagonjwa wa moyo ninaowajua mimi hapa mjini, kuanzia Gongoni mpaka Ng'ambo, hawana pampu. Wana mfuko wa vidonge, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Wengine wamefika mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa treni. Wengine wanahudhuria hospitali yetu ya mkoa, Kitete. Daktari anafanya sehemu yake kwa dakika anazopata. Siku zote zilizobaki mgonjwa yuko nyumbani, na nyumbani ndiko sisi tuliko.

Sasa nieleze ule ugonjwa, maana jina lake linatisha na kupotosha. Watu wakisikia "moyo umeshindwa" wanadhani umesimama. Haujasimama. Umechoka, unasukuma damu kwa udhaifu. Kwa wengine umechoshwa na presha ya miaka mingi. Kwa wengine ni homa ya baridi yabisi iliyoanza na maumivu ya koo utotoni ikaja kuharibu valvu za moyo. Kwa baadhi ya dada zetu moyo hutanuka mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Damu isiposukumwa vizuri, maji hujaa mwilini. Miguu inavimba. Mgonjwa akilala chali pumzi inambana, anaongeza mto mmoja, kisha wa pili. Anaamka usiku anatafuta hewa dirishani. Jirani asiyejua anasema amerogwa, au jini limemkalia kifuani.

Na sasa nifike kwenye jambo langu.

Msikitini kwetu alikuwapo mzee mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Mzee wa safu ya kwanza, aliyekuwa akija Alfajiri kabla ya muadhini. Alipata ugonjwa huu, akapewa dawa, na miongoni mwake ile ya kutoa maji mwilini, ambayo watu huiita dawa ya kukojoa. Mwenye kuinywa anakwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa saa za mwanzo. Mzee alikuwa akiinywa asubuhi, Adhuhuri inamkuta yuko njiani kurudi nyumbani kutia udhu upya. Aliona haya. Ukaja mwezi wa Ramadhani, akafunga. Vidonge vya asubuhi akaviacha.

Mimi sikumuuliza. Nilimwona tu amekaa safu ya kwanza, midomo imekauka, anahema. Usiku mmoja baada ya Tarawehe nikasimama mbele ya watu nikasema, "Mtazameni mzee wetu. Mgonjwa, lakini hajaacha funga hata moja. Ninyi vijana wenye afya mna udhuru gani?"

Watu wakaitika. Mzee akainamisha kichwa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kumi la mwisho hakulimaliza. Alilazwa, na katika mwezi wa Shawwal tukamzika. Siku ya tatu binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwuguza, aliniambia maneno haya kwa adabu kabisa: "Ustadhi, baba alikuwa analalia mito mitatu. Ikawa minne. Mwisho akawa analala amekaa kwenye kiti. Nilimwambia anywe dawa afungue. Akanijibu, nitafunguaje na Imamu amenisifu mbele ya watu?"

Sisemi kwamba dawa ingezuia mauti. Ajali ya mja iko mikononi mwa Allah, haitangulii wala haichelewi. Ninachosema ni kile nilichokifanya mimi. Nilimfungia mlango ambao Allah alikuwa amemfungulia. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, Mola wetu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na mwenye kushindwa moja kwa moja akapewa njia ya kulisha masikini. Akaeleza pia kwamba anatutakia wepesi. Mimi niko mbele ya watu natangaza uzito.

Iko hadithi ya Jabir (radhi za Allah ziwe juu yake), ameipokea Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani akajeruhika. Akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (swalla Llahu alayhi wa sallam) alikasirika, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza jambo wasilolijua. Nimeisomesha hadithi hii madrasa miaka mingi, nikidhani inawahusu watu wengine.

Kwa hiyo leo natoa maoni yangu waziwazi, na atakayepinga apinge kwa hoja: mgonjwa wa moyo aliyerudi nyumbani ni amana ya jamaa wa msikiti wake, na tusijifiche nyuma ya maneno kwamba hiyo ni kazi ya hospitali.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Ustadhi, tawakkul iko wapi?" Nitamjibu kuwa yule aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliamriwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na Mtume aliwaambia watu watafute tiba, kwa sababu Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Wa pili atasema, "Kuna asali na habbat sauda." Asali ya Tabora nani asiyeijua? Na Qur'an imetaja kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu. Lakini Qur'an haikusema ukilamba asali utupe kidonge. Kisomo kisomwe, dua iombwe, na dawa inywewe kwa saa yake. Ukitaka kumletea mgonjwa mti shamba au mizizi, muulize daktari wake kwanza, maana dawa huweza kugombana mwilini. Hata vidonge vya maumivu tunavyonunua dukani bila kuuliza, kama diklofenaki na ibuprofeni, vinaweza kumrudishia mgonjwa huyu maji mwilini.

Wa tatu atasema, "Ana watoto wake." Ni kweli. Lakini nenda ukawaangalie. Mara nyingi ni binti mmoja, ameacha biashara yake ya vitumbua, usiku halali, mchana anafua na kupika, na mwisho wa mwezi anatafuta nauli na fedha ya dawa. Yule binti wa mzee wetu alibeba peke yake. Sisi tulifika siku ya msiba. Tulichanga sanda, tukachanga mchele, tukachinja. Wallahi mizani ya kumpimia mzee uzito haingefika robo ya kilichopikwa siku ile, lakini mizani hatukununua.

Basi tufanye nini? Haya ndiyo tuliyoanza msikitini kwetu, nanyi mwaweza kuyachukua.

1. WATU WAWILI. Kila mgonjwa wa moyo katika jamaa yetu anapangiwa watu wawili nje ya familia yake, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Wanakwenda naye kliniki angalau mara moja, wanasikia kwa masikio yao anachosema daktari, wanayajua majina ya dawa na tarehe ya kurudi. Siku nyingine wanashika zamu ili binti alale.

2. MIZANI NA DAFTARI. Mgonjwa anapimwa uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na unaandikwa. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, hajanenepa huyo, ni maji. Miguu ikivimba zaidi, mito ikiongezeka au pumzi ikibana, familia isingoje tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali siku ileile.

3. CHUMVI. Sisi watu wa huku chumvi tumeizoea. Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya nchi hii kabla reli haijajengwa. Lakini kwa mgonjwa huyu chumvi inavuta maji na kuyazuia mwilini. Ukienda kumzuru usimbebee samaki wa chumvi wala chipsi. Kama daktari amempimia kiasi cha maji na vinywaji kwa siku, usimwambie "kunywa tu, maji hayana madhara." Mchemshie michembe, au mpelekee matunda. Na umkute mchana, mkae kidogo, muondoke. Mtume alisisitiza kumzuru mgonjwa, wala hakusisitiza kumchosha.

4. FUNGA. Swali la funga liulizwe mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia, na liulizwe kwa daktari. Wapo ambao huwaruhusu baada ya kupanga upya saa za dawa. Wapo ambao huwakataza kabisa. Ukikatazwa, kula. Kama kuna matumaini ya kupona utalipa. Kama maradhi ni ya kudumu, lisha masikini kwa kila siku. Na sisi maimamu tukome kuwasifu mimbarini wagonjwa wanaofunga. Mwenyezi Mungu anapenda ruhusa zake zitumiwe.

5. SWALA YA JAMAA. Ewe mzee unayeona haya kwa sababu ya dawa ya kukojoa, sikiliza. Ugonjwa ni udhuru wa kukosa jamaa. Mtume wetu mwenyewe, alipozidiwa na maradhi yake ya mwisho, alimwamuru Abubakar awaswalishe watu. Wapo pia maulamaa, wakiwemo baadhi ya wa madhehebu yetu ya Shafi, walioruhusu mgonjwa kukusanya swala mbili. Dawa inywe, swali nyumbani, na sisi tutakuja kuswali nawe huko siku moja moja. Ukija msikitini viti vipo, na asikutazame mtu kwa jicho baya.

6. FEDHA. Dawa hizi ni za kila siku. Hazinywewi mpaka upate nafuu kisha zikaachwa, maana nafuu yenyewe imeletwa na hizo dawa. Mgonjwa fukara ambaye vidonge vimemwishia ni mstahiki wa zaka kwa ufukara wake. Mlipie bima, mlipie nauli, mnunulie dawa. Usingoje umnunulie sanda.

Ndugu zangu wa Tabora, mji wetu umejengwa na mabega. Kabla treni haijafika hapa mwaka 1912, pembe na vitambaa na shanga vilipita mji huu vichwani na mabegani mwa watu, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili peke yake. Ikija pembe kubwa isiyobebeka na mtu mmoja, ilifungwa kwenye mti, wakashika wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hakuna aliyemwambia mtu mmoja ajikaze ili aonekane shujaa. Mzigo ulitazamwa uzito wake, wakapangwa watu.

Lakini tuseme na ubaya wake. Misafara ileile, iliyobeba mpaka watu waliotekwa, iliacha wagonjwa njiani. Aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa chini ya mti, ngoma ikapigwa, wenzake wakaendelea. Nikiikumbuka ile Ramadhani, naona msikiti wetu ulikuwa msafara wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tulimsifu tuliyemwacha.

Imepokewa katika Swahih Muslim kwamba Siku ya Kiyama Allah atamuuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atashangaa, vipi nikuzuru nawe ni Mola wa walimwengu wote? Ataambiwa kuwa mja wake fulani aliugua naye hakwenda, na lau angekwenda angemkuta Mola wake kwake. Mimi lile "fulani" nalijua jina lake. Kila mmoja wetu atafute la kwake, angali hai.

Yule binti bado anaswali msikitini kwetu upande wa akina mama. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Tulipoanzisha zamu hizi nilimwomba afundishe wenzake, akakubali. Yeye ndiye anayewaonyesha namna ya kupanga mito, namna ya kuminya mguu kwa kidole kuona kama maji yamejaa, na namna ya kuandika daftari. Elimu hiyo aliipata kwa machungu, peke yake, usiku.

Wiki hii mfanye hivi: baada ya swala ya Ijumaa, muulize imamu wako ni nani katika jamaa yenu anayeugua moyo. Akisema hajui, mtafuteni pamoja. Kisha jiandikishe uwe mmoja wa wale wawili.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, walio na pampu ughaibuni na walio na vidonge hapa nyumbani. Wape nguvu wanaowauguza. Tusamehe tuliyoyasema bila ya kujua. Mrehemu mzee wetu na mpanulie kaburi lake. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako, hasa mwenye mgonjwa nyumbani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.